Wajukuu wakija likizo, wape kazi

Wajukuu wakija likizo, wengi wetu tunawageuza wageni. Wanakeshewa, wananunuliwa soda, mjomba anaambiwa awapeleke matembezi. Siku zinakwisha, wanarudi Dar na picha tele kwenye simu ya mama yao. Mimi nashauri uwape kazi, tena kila mmoja na yake, isiyoguswa na mwingine hata likizo ijayo.

Kwangu Tanga kazi kubwa ni vitumbua. Mkubwa ndiye mwenye mchele: anauchagua, anauloweka jioni, asubuhi anausaga na tui zito. Tunatia hamira, sukari na hiliki, kisha tunauacha uumuke. Mkuna nazi ni yule wa kiume. Anakaa juu ya mbuzi kama sultani, nami namwambia, "Mume wangu, nazi hiyo mpaka kesho?" Dada yake, mke mwenzangu, anadakia kwamba mume mvivu tumwache. Siku hizi wapo wazazi wanaoona haya utani huu mbele za watu. Msiuache jamani, ndio unaomfanya mtoto awe huru na bibi yake.

Kugeuza ndiko kunakogombewa. Chuma cha vitumbua kikiwa kipya motoni, kitumbua cha kwanza hung'ang'ania shimoni, kinatoka vipande vipande. Hapo mkono wa bibi unawasha kunyang'anya kijiti! Kaa nao. Kilichovunjika anakila aliyekigeuza, tena kwa fahari.

Halafu kuna habari za ukoo. Baba yangu alikuja Tanga akiwa manamba, yaani kibarua wa mkataba wa mashambani, akakata mkonge. Ukieleza hivyo tu, watoto watapiga miayo. Mimi nilitafuta fungu la singa, zile nyuzi za mkonge, tukaketi uani tukasokota kamba pajani. Singa zinawasha, walijikuna huku wakicheka, kisha wakairuka kamba yao mpaka adhana ya magharibi. Maswali yalikuja yenyewe mikono ikiwa kazini: mkonge umetoka wapi, nani aliuleta? Nikawaambia ni Mjerumani Richard Hindorf, mwaka 1893, miche ikitokea Florida, na iliyofika hai ilikuwa 62 tu. Mdogo akauliza kama baba yangu ndiye aliyeihesabu. Nikacheka, nikamwambia huyo alikuja baadaye sana, mkonge umeshajaa mpaka milimani. Sasa wakipita njia ya Muheza wanaonyeshana mashamba "ya babu", ingawa marehemu hakuwa na hata mche mmoja.

Matembezi siyakatai. Mapango ya Amboni yako karibu na mji, wapelekeni. Ila msitegemee pango lifanye kazi yenu.

Usiku ni vitendawili. "Kuku wangu katagia miibani." Wakishindwa nadai mji, wananipa Kariakoo, nami nasafiri: nimefika Kariakoo, nimekula, nimelala, nimeamka, jibu ni nanasi. Raha yote iko kwenye safari ile, kwa hiyo usiikate. Mwongeze mtu wanayemjua, muuza samaki wa mtaani au mwalimu wao, umkute huko mjini anafanya kituko.

Na walio mbali hawakosi. Wajukuu zangu wa Muscat nawategea kwa ujumbe wa sauti Ijumaa, nao wana wiki nzima ya kufikiri. Wakishindwa nawadai mji. Nimewaomba hata Nizwa, mji wa hukohuko Oman, nikatembee, hawataki, wananitupia Kariakoo hiyohiyo kwa kuwa binamu zao wamewaambia huko bibi hula sana.