Uongozi wa kugonga ukuta: barua kwa mwanangu

Mwanangu mpendwa,

Salamu nyingi. Uliniuliza Robinson Risner aliwezaje kuwaongoza wenzake gerezani Hoa Lo, Hanoi, wakati wengi walifungiwa peke yao na kuongea kulipigwa marufuku. Walikuwa wakigonga ukuta.

Risner alikuwa rubani wa jeshi la anga la Marekani. Katika vita vya Korea aliangusha ndege nane za adui aina ya MiG-15 akirusha ndege ya kivita F-86. Tarehe 16 Septemba 1965 ndege yake ya kivita, F-105, ilitunguliwa Vietnam Kaskazini, akawa mateka hadi Februari 1973. Kanuni za jeshi lao zinasema hata kifungoni mwenye cheo cha juu ndiye kamanda. Lakini kamanda asiyesikika ataamuru nini?

Msimbo wa kugonga, yaani herufi kugeuzwa mapigo, waliutoa kwa rubani mwenzao, Carlyle Harris, aliyetunguliwa Aprili 1965 na kuukumbuka kutoka mafunzoni. Chora miraba 25: mistari mitano, kila mmoja herufi tano. Wa kwanza unaanza na A, wa pili F, wa tatu L, wa nne Q, wa tano V. K haimo, C huishikia nafasi. Gonga namba ya mstari, tua kidogo, gonga namba ya herufi. H ni mbili, kisha tatu. Kabla ya herufi inayofuata tua zaidi. Wanaoanza huharibikiwa hapo hapo: mituo ikilingana, msikilizaji hajui herufi inaishia wapi, na neno zima linavurugika.

Morse, msimbo wa simu za maandishi za zamani, haikufaa kwa sababu inataka mlio mfupi na mrefu, na ukuta ukiugonga hutoa mlio mmoja tu.

Ila msimbo huu ni wa kuchosha. A ni mapigo mawili, Z ni kumi, na E, inayotumika kupita zote katika Kiingereza, inakula sita. Ndiyo maana walifupisha kila walichoweza. GBU, yaani “God bless you”, Mungu akubariki, ni mapigo 16 tu.

Kumwita jirani waligonga mdundo wa mapigo matano ambao Mmarekani yeyote anajua unamaliziwa kwa mawili. Akijibu hayo mawili, ni mwenzao. Kikombe kilichobanwa ukutani kilisaidia sikio.

Amri nazo zilibanwa. James Stockdale, rubani wa jeshi la majini, alizifupisha kuwa BACK US, herufi za kwanza za maneno ya Kiingereza: usiwainamie walinzi hadharani, usisome chochote redioni, usikiri uhalifu, usiage kwa shukrani, umoja kabla ya nafsi. Kwa kugonga, hiyo K ilibidi iende kama C, na kila mtu alielewa.

Pasipo ukuta wa pamoja, msimbo ulihamia kwenye kikohozi au mfagio: aliyetumwa kufagia ua alifagia kwa hesabu ile ile, mbele ya mlinzi.

Ni mimi, baba yako