Usilipe kabla hujapima ugumu wa maji yako

Mkuu, simamisha hayo malipo. Umesema muuzaji amekuja nyumbani, akatumbukiza vijiti viwili vya umeme kwenye glasi ya maji ya bomba, maji yakageuka tope la kahawia, na kesho unampa malipo ya awali ya mtambo wa kuchuja. Sababu ni kwamba birika lina ukoko mweupe, hita ya bafuni inanguruma na sabuni haitoi povu. Ukaulizia na madoa ya bomba, na kama maji hayo ni salama kunywa. Glasi hiyohiyo niliwekewa mimi, mezani kwangu, watoto wakiangalia. Nililipa malipo ya awali siku ileile.

Kijiti kimoja ni cha chuma. Umeme ukipita kwenye maji, chuma ndicho kinacholika, na hilo tope ulilooneshwa ni kutu ya kijiti chake. Umeme unapita kwa sababu maji ya bomba, yawe magumu, yaani yenye madini mengi yanayoacha ukoko, au laini, huwa na chumvi zilizoyeyuka. Glasi yake ya pili, ile ya maji yaliyopita kwenye mtambo wake, ilibaki safi kwa kuwa mtambo wake huondoa karibu chumvi zote, umeme ukakosa njia. Jaribio hilo halikuambii lolote kuhusu ugumu wa maji yako.

Nililijua hilo nikiwa nimeshachelewa. Muuzaji yuleyule alikuja kwa jirani yangu na vijiti vyake, nikaenda kuangalia. Nikamwomba atie chumvi ya mezani kidogo kwenye ile glasi safi kisha arudie. Alikataa, nikaitia mwenyewe. Ikawa kahawia kama mwenzake. Alikusanya vifaa akaondoka, na jirani hakutoa hata senti. Mimi hakuna aliyenitilia chumvi kwenye glasi, na hadi leo nikikumbuka napandwa na hasira. Mtu anaingia nyumbani kwako, anawatisha watoto wako kwa kutu ya chuma chake, halafu anaita huo upimaji!

Sasa sikia iliponiumiza hasa. Mtambo alioniuzia unasukuma maji kwenye utando wenye vitundu vidogo mno, na kweli unaondoa ugumu. Lakini ulifungwa chini ya sinki la jikoni, kwa bomba moja la kunywa. Hita, mashine ya kufulia na bafu vikaendelea kupokea maji yaleyale. Mimi nikalala usingizi, nikijua tatizo la maji limekwisha. Hita iliponguruma nikasema ni uzee. Maji ya moto yakaanza kuchelewa, nikapandisha joto hadi nyuzi 75 za Selsiasi. Hapo ndipo nilipoimaliza kwa mkono wangu.

Maji magumu ni maji yenye kalsiamu na magnesiamu nyingi. Sehemu ya kalsiamu hiyo imeyeyuka kama bikaboneti, na ikipata moto hugeuka chokaa ngumu inayoganda penye joto zaidi, yaani juu ya koili inayopasha maji. Kadiri unavyopandisha joto ndivyo inavyoganda kwa kasi. Chokaa haipitishi joto vizuri, kwa hiyo koili inachemka ndani ya ganda lake huku maji yakiwa vuguvugu. Ule mngurumo ni maji yanayochemka chini ya ganda na kutafuta pa kutokea. Koili yangu ilipasuka. Fundi alipofungua tangi alitoa beseni zima la vipande vyeupe kama maganda ya mayai, na chini ya tangi palikuwa pameshaanza kuvuja. Nikanunua hita nyingine, juu ya deni la mtambo ambao ulikuwa bado unang'aa jikoni.

Fundi huyo ndiye aliyeniuliza swali ambalo muuzaji hakuwahi kuliuliza: ugumu wa maji yako ni kiasi gani? Sikuwa na jibu. Alichovya kikaratasi cha kupimia kwenye maji, rangi ikabadilika, akasoma 18 kwa kipimo cha Kijerumani. Zidisha kwa 17.8 unapata kama miligramu 320 kwa lita. Kwa mgawanyo unaotumika sana, chini ya 60 ni laini, 61 hadi 120 ni ya wastani, hadi 180 ni magumu, zaidi ya hapo ni magumu sana. Kumbe yangu yalipita mbali.

Kwa hiyo pima ugumu kwanza. Vikaratasi, au ile chupa ya matone unayohesabu mpaka rangi igeuke, ambayo ni sahihi zaidi. Waulize pia wanaosambaza maji, mara nyingi wana takwimu. Na usikubali kile kipimo cha mkononi kinachoonesha TDS. Hicho kinapima jumla ya chumvi zote kupitia umeme. Maji yaliyolainishwa vizuri kwa resini, yaani punje ndogo za plastiki ndani ya mtambo wa kulainisha, yatakisomesha karibu namba ileile, maana resini inachukua kalsiamu na magnesiamu na kurudisha sodiamu.

Namba ikiwa kubwa kama yangu, kinachofaa ni mtambo wa resini unaofungwa kwenye bomba linaloingia nyumbani, na huo nao unapangwa kwa kutumia namba hiyohiyo. Bila namba, fundi atakisia mara ngapi resini ioshwe kwa chumvi. Acha bomba moja la kunywa lisilopitia humo. Namba ikiwa ya wastani, pengine unahitaji tu fundi wa kuisafisha hita kila mwaka, na joto kulishusha hadi 60. Usiende chini ya hapo, kwa sababu maji yakikaa vuguvugu kwenye tangi bakteria hustawi.

Birika na madoa ya bomba ni siki au unga wa ndimu, dakika ishirini, suuza. Kunywa, ugumu wenyewe usiuogope, kalsiamu na magnesiamu ni madini yanayohitajiwa na mwili, na mimi ningejua hilo mapema nisingekimbilia bomba la kunywa nikaiacha hita ife.

Hita yako inanguruma leo. Mwite fundi aifungue wiki hii, kabla hujazungumza na muuzaji yeyote, nunua vikaratasi, kisha rudi hapa uandike namba uliyoipata.