Kunakili mara 20 hakusaidii: tafuta kipande cha sauti

Umesema umeshajifunza herufi kama 200 za Kichina kwa kunakili kila moja mara 20, na bado 请, 清, 情 na 晴 zinakuchanganya. Kasoro iko kwenye njia. Ukinakili, kuanzia mara ya tatu au ya nne jicho ndilo linaloongoza mkono, kumbukumbu imekaa kando. Tazama herufi, ifunike, iandike bila kuchungulia, funua usahihishe. Mara tatu za namna hiyo zinashinda ishirini za kunakili.

Sasa hizo nne zako. Ni ndugu. Kulia zote zina 青, inayosomwa qīng. Hicho ni kipande cha sauti. Maana iko kushoto. 氵 ni matone ya maji, basi 清 ni safi, angavu. 日 ni jua, 晴 ni anga lisilo na mawingu. 忄 ni moyo, 情 ni hisia. 讠 ni maneno, 请 ni kuomba, tafadhali. Muongeze ndugu wa tano, 睛 (jīng), mwenye 目 yaani jicho, utakayemkuta kwenye 眼睛, macho. Kipande cha sauti ni kimoja tu, na vile vya maana utavikuta tena kwenye mamia ya herufi nyingine. Toni, yaani kupanda na kushuka kwa sauti, usiikariri peke yake, ishike ndani ya neno: 清楚 qīngchu, 晴天 qíngtiān, 心情 xīnqíng, 请问 qǐngwèn.

Zaidi ya robo tatu ya herufi zimejengwa hivi, sauti na maana. Ndiyo maana sishauri kutunga kisa kwa kila herufi. Visa viwe vya zile zisizo na kipande cha sauti kinachosaidia, na kisa kisizidi sentensi moja. 休: mtu (亻) kaegemea mti (木), anapumzika. Kwa 买 mǎi, kununua, na 卖 mài, kuuza, mfikirie machinga: mwenye mzigo kichwani (十) ndiye anayeuza, na toni ya nne inashuka kama mtu anayetua mzigo. Kisa hicho kimebeba umbo, maana na toni kwa pamoja. Kisa kisichogusa matamshi kitakuacha unaijua herufi ila huwezi kuisoma.

Kipande cha sauti nacho hudanganya. 江 jiāng ina 工 gōng, na 海 hǎi ina 每 měi, kwa sababu matamshi yamebadilika kwa zaidi ya miaka 2,000 huku maandishi yakibaki. Hapo tumia kisa. Halafu kuna 又. Katika 汉, 难, 对, 欢 na 鸡 haina sauti wala maana. Ni alama iliyowekwa badala ya vipande vyenye mistari mingi pale China ilipotoa mpango wa kurahisisha herufi mwaka 1956. Usiitafutie maana.

月 pia ina sura mbili. Katika 期 ni mwezi, lakini katika 脸, 脚 na 肚 ni nyama (肉) iliyofupishwa, kwa hiyo ukiiona kushoto anza kufikiria kiungo cha mwili. Na 阝 ikikaa kushoto ni kilima (阳, 院), ikikaa kulia ni mji (都, 邮).

Kwa siku chukua herufi mpya 8, si zaidi, ikiwezekana za familia mbili. Zirudie kesho yake, kisha siku ya 3, ya 7 na ya 15. Ukikosa moja, hiyo irudi siku ya kwanza. Upande mmoja wa kadi andika maana na pinyin (matamshi kwa alfabeti ya Kilatini, kama qīng), na jibu liwe herufi yenyewe; ukifanya kinyume utazitambua tu, mkono utakwama. Kama hauna haja ya kuandika kwa kalamu, kutambua kunatosha, maana simu inataka pinyin. Lakini ukiandika qing itakuletea wale ndugu wanne wa mwanzo kwa mpigo, na lazima ujue wa kuchagua.

Zinazotofautiana kwa urefu wa mstari ziweke kwenye kadi moja, zikiwa zimepangwa ubavu kwa ubavu: 未 (bado) na 末 (mwisho), 土 (udongo) na 士 (msomi). Ukizisoma siku tofauti, kila moja utaiona rahisi, na kwenye mtihani utazibadilisha.