Mafundo na ujazo: maswali yenu, pamoja na lile lisilochoka kuja

Mafundo yangu mawili yana ujazo uleule hadi desimali ya kumi. Si ni fundo moja hilo?

Hapana, na tutalijibu tena. Fundo hapa ni uzi uliofungwa na ncha zake zikaunganishwa. Ujazo wa haiperboliki (wa nafasi inayolizunguka fundo, ukipimwa kwa jiometri yenye mpindo hasi) ukitofautiana, mafundo ni tofauti. Hilo linatokana na nadharia ya Mostow na Prasad, isemayo kwamba nafasi hiyo ina jiometri kamili moja tu ya aina hiyo. Ukilingana, bado hujajua kitu. Fundo la Conway na lile la Kinoshita na Terasaka, yote ya mapishano 11 (mahali uzi unapojipita juu katika mchoro), yana ujazo uleule kabisa, si kwa kukadiria. Ukikata kipande cha moja, ukakigeuza na kukirudisha, unapata jingine, na Ruberman alithibitisha mwaka 1987 kwamba mgeuzo huo hauathiri ujazo. Polinomia ya Alexander, kipimo kingine cha kutofautisha mafundo, nayo ni 1 kwa yote mawili! Jenasi, yaani idadi ndogo kabisa ya mashimo ya uso ambao ukingo wake ni fundo, ndiyo huyatenganisha: 3 kwa la Conway, 2 kwa mwenzake.

Kwenye SnapPy, programu ya kuhesabu jiometri ya mafundo, tumia `is_isometric_to`, inayolinganisha nafasi zinazoyazunguka mafundo mawili. Ikikubali, nadharia ya Gordon na Luecke ya 1989 inakuhakikishia kuwa ni fundo moja, au moja ni taswira ya jingine kwenye kioo. Msiipeleke nadharia hiyo kwenye viungo vya nyuzi mbili au zaidi (vitanzi vilivyosukana). Huko haisimami.

Fundo la mapishano matatu linanipa ujazo karibu na sifuri. Programu ina hitilafu?

Haina. Hilo ni fundo la torasi (linalolala juu ya uso wa umbo la donati), halina jiometri ya haiperboliki. Someni `solution_type()`, inayosema kama programu imepata jiometri ya kweli, kabla ya kugusa ujazo.

Nataka kuhesabu ujazo wa fundo la umbo la nane kwa mkono. Nianzie wapi?

Hatimaye swali la mtu anayetaka kufanya kazi. Mwanahisabati Thurston aliigawa nafasi inayolizunguka kuwa tetrahedroni mbili (maumbo ya nyuso nne za pembetatu) ambazo vipeo vyake vyote viko mbali isiyo na mwisho. Kingo zake 12 zikigandishwa zinabaki mbili tu, kila moja ikizungukwa na pembe sita.

Ipe tetrahedroni ya kwanza namba changamano z inayoeleza umbo lake, ya pili w, zote zenye sehemu dhahania chanya. Kingo zinazokabiliana hubeba namba moja. Kuzunguka kipeo unapata z, 1/(1−z) na 1−1/z. Zidisha namba zote zinazozunguka ukingo: zao liwe 1, na pembe zijumlike 2π, si 4π. Hapa kingo zote mbili zinakupa mlinganyo mmoja tu: z(z−1)w(w−1)=1.

Wengi huishia hapo, ndipo wanapoharibu. Mlinganyo huo una majibu yasiyohesabika, na karibu yote ni ya jiometri isiyokamilika (unaweza kufika mwisho wake kwa mwendo wenye kikomo). Ongeza sharti la ukamilifu kwenye torasi inayolizunguka fundo, libaki jibu moja: z=w=e^(iπ/3). Kila pembe ni nyuzi 60, sita zinatimiza 360. Kila tetrahedroni ina ujazo wa takriban 1.01494, jumla 2.02988.

Ni kweli karibu mafundo yote ni ya haiperboliki?

Katika mafundo tasa (yasiyogawika kuwa mafundo mawili) 1,701,935 yenye mapishano hadi 16, yasiyo ya haiperboliki ni 32 tu. Lakini jedwali si nadharia: Belousov na Malyutin wameonyesha kwamba uwiano huo hauelekei 1 mapishano yanapoongezeka bila kikomo.

Programu imeniletea tetrahedroni hasi. Nifanyeje?

Hasi maana yake imegeuka ndani nje: sehemu dhahania ya namba yake ni hasi. Usiamini ujazo huo bado. Endesha `randomize()`, inayoigawa nafasi upya, mara kadhaa hadi zote ziwe chanya, kisha `verify_hyperbolicity()`, inayothibitisha jibu kwa ukali, ndani ya programu ya hisabati ya Sage. Bila hatua hiyo ya pili una desimali nzuri tu, na msituletee kama uthibitisho.