Kutafuta bima ya maisha ya marehemu baba

Dada yangu, pole sana kwa msiba. Umeeleza kwamba marehemu baba yako, aliyekuwa mwalimu hapa Kenya, aliwahi kutaja bima ya maisha, lakini hati yake haionekani na ndugu zako wameanza kukata tamaa. Nawasihi msikate tamaa, kwa sababu kupotea kwa karatasi hakufuti haki ya wanufaika.

Anzeni na hati za mishahara na taarifa za benki za miaka ya nyuma, kwa kuwa michango ya bima mara nyingi hukatwa kila mwezi moja kwa moja, na jina la kampuni, pengine hata nambari ya bima, huonekana hapo hapo. Msipuuze risiti kuukuu wala barua zilizohifadhiwa ndani ya Biblia. Wazazi wetu wengi waliweka huko mambo ya maana. Mwulizeni mwajiri wake pia kuhusu bima ya kikundi, yaani ile ambayo mwajiri huwakatia wafanyakazi wake kwa pamoja.

Mkipata jina, iandikieni kampuni mkiambatisha nakala ya cheti cha kifo. Fedha zikikaa zaidi ya miaka 2 bila kudaiwa tangu zilipostahili kulipwa, sheria ya mwaka 2011 huitaka kampuni izikabidhi kwa Mamlaka ya Mali za Kifedha Zisizodaiwa (UFAA), ambako mnaweza kutafuta wenyewe bila kumlipa wakala. Ikiwa baba hakuandikisha mnufaika, tarajieni kuombwa barua ya usimamizi wa mirathi kutoka mahakamani, yaani hati inayompa mtu mamlaka ya kushughulikia mali ya marehemu, hivyo ni vyema mkubaliane mapema nani ataiomba.