Ree na jeki

Mwanangu,

Marahaba. Huku Shangani sote wazima, joto tu. Baba yako yuko Naliendele kwenye mikorosho yake.

Umeniuliza hivi: meza ya poka kwenye simu, mko sita, wa kwanza kupata zamu kapandisha dau, wewe ndiye unayemfuatia, na mkononi una ree ya kopa na jeki ya shupaza. Ucheze au utupe?

Tupa.

Najua inauma, maana ree inapendeza machoni. Lakini huyo kapandisha ilhali nyuma yake wapo watu watano hawajasema neno. Ana nini? Shika kalamu. Ree moja unayo wewe, zimebaki tatu. Wafalme wapo wanne. Basi ree na mfalme zinaweza kumfikia kwa njia 12. Ree na malkia, njia 12 nyingine. Jozi ya wafalme 6, ya malkia 6, ya ree 3, ya jeki 3. Jumla 42, na zote zinakuzidi. Zipo unazozizidi wewe, kama mfalme na malkia, njia 16, ila hapo unaongoza kidogo tu. Akiwa na ree na mfalme, unashinda takriban mara moja katika nne. Na balaa lenyewe ni ree kufunuliwa mezani, kwenye zile karata za wote: utamwaga pesa ukijua umepata, kumbe mwenzio anayo pia, na jeki yako haifui dafu mbele ya mfalme wake.

Sasa hama kiti. Wote waliokutangulia wametupa, nyuma yako wamebaki wale wawili wa dau la lazima tu, wanaoweka pesa kabla karata hazijagawiwa, mmoja dogo, mmoja kubwa. Pandisha, wala usisite. Kufuata kinyonge hapo, yaani kulipa tu dau lililopo bila kupandisha, sikupendi hata kidogo.

Na kama wewe ndiye mwenye dau kubwa la lazima? Hapo tunauliza bei. Tuseme madau ni 50 na 100, yule wa kwanza kapandisha hadi 250, wengine wamejitoa. Mezani pana 400, wewe unadaiwa 150. Unalipa 150 kugombea 550, yaani unahitaji kushinda asilimia 27 na ushei. Dhidi ya zile njia 42 ukijumlisha na zile 16, mkono wako unashinda kama theluthi. Kwa hiyo fuata. Korosho ni ileile, bei ndiyo inayobadilika mnada kwa mnada. Ila ujue karata tatu za kwanza zikifunuliwa mezani wewe ndiye utakayeanza kusema, na wenye kuendesha mchezo wanakata chao kwenye pesa za mezani. Kwenye meza za pesa ndogo makato hayo yanauma. Ziada uliyonayo ni nyembamba kuliko inavyoonekana kwenye karatasi. Ree ikitoka na yeye akapiga dau raundi zote tatu, usimng'ang'anie hadi mwisho.

Ile saa inayohesabu sekunde kwenye kioo isikukimbize. Amua kabla zamu haijakufikia, na uache kufungua meza nne kwa mpigo. Kuhusu halali na haramu msimamo wangu unaujua. Umeuliza hesabu, nimekujibu hesabu.

Ukiandika tena nitajie kiti chako, madau, na nani kapandisha. Karata peke yake hazinitoshi.

Mama yako