Mwanangu, kata kwanza

Mwanangu mpendwa,

Barua yako nimeipata. Unaniuliza inakuwaje cherehani zako tatu zifanye kazi hadi saa nne usiku, na bado sare za shule ulizoahidi kabla ya Januari hazijafika nusu.

Kazi zako zinapangwa na mteja aliyetangulia kufika mlangoni, wala si na uzito wa kazi yenyewe. Nilipokuwa mkaguzi wa ubora kiwandani tulifundishwa habari za Joseph Juran, mhandisi aliyezaliwa Romania mwaka 1904 na kukulia Marekani, ambaye alisisitiza kwamba kasoro nyingi za bidhaa hutokana na sababu chache tu, kwa hiyo mkaguzi anayeziandama zote kwa nguvu ileile hujichosha bure. Kwetu, nyuzi za mtande, yaani zile za urefu wa kitambaa, zilizokuwa zikikatika ndizo zilizotutesa kuliko mengine yote.

Kwako wewe, jambo hilo ni kukata. Umeandika kwamba unakata usiku, wateja wakishaondoka, na hapo ndipo nilipoiweka barua chini. Mshono ukikosewa hufumuliwa, lakini kitambaa kilichokatwa vibaya ni hasara. Tena, mpaka vipande vitoke mezani kwako, wasichana wako wa cherehani hawana cha kushona, ndiyo maana wanashika kila zipu inayoletwa. Kata asubuhi, kwenye mwanga, ukipanga sare za kipimo kimoja tabaka juu ya tabaka na kuzikata kwa pamoja, na simu aishike mtu mwingine.

Zipu na kupunguza suruali usizidharau, kwa kuwa anayeleta suruali leo huenda akaleta kitambaa cha harusi kesho. Mpe kazi hizo yule anayejifunza, na wateja waelewe kwamba huchukuliwa jioni. Kabla hujapandisha bei ya chochote, pitia daftari lako la mauzo, uandike mbele ya kila kazi fedha iliyobaki baada ya kutoa kitambaa, uzi na umeme, pamoja na saa ilizokula. Nadhani utashangaa, hasa kwa zile blauzi za mitindo unazozipenda.

Kuhusu majoho ya kwaya uliyoniuliza kama uyapokee, waambie Februari, na wakikataa waelekeze kwa fundi mwingine.

Mama yako anakusalimu.

Baba yako